TUONGEE NYUMBANI: Watu wa makopo na waya

Mwezi huu mnivumilie, maana nitaongea juu ya hadithi moja iliyoniletea maneno kanisani kwetu hapa Goma. Tena ni mimi mwenyewe niliyeianzisha.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati ndege za Goma zilikuwa zingali zinaruka kwenda Kinshasa, nilitumwa kule kwa mkutano wa akina mama. Siku ya mapumziko mtoto wa dada yangu akaniambia: «Mama mukubwa, twende Matonge, utaona kitu.» Nikavaa kitenge kipya na kitambaa kichwani, nikidhani tunaenda harusini.

Kwanza nilisikia makelele kama ya mvua ya mawe juu ya bati. Kiisha mtu akatokea kwenye kona, lakini mwili wake hauonekani hata kidogo. Kutoka kichwa mpaka miguu ni makopo matupu, ya bia na ya limonadi, na anapojitikisa yote yanalia. Nyuma yake mwingine wa kambambili zilizokatika. Mwingine amevaa vyuma vya gari, taa mbili kifuani. Watoto wanakimbia, wanacheka, wengine wanalia. Mimi, sitaficha, nilishika mkoba wangu na kuanza kuomba kimoyomoyo.

Yule kijana wetu alinicheka kwanza, ndipo akanieleza. Kuna sikukuu ya wasanii wa barabarani inayoitwa KinAct, ilianzishwa mwaka wa 2015 na msanii Eddy Ekete, yule anayejulikana kwa vazi la makopo. Wanaokota takataka za mji, wanazishona kuwa nguo, wanatembea nazo kati ya watu. Wengi wao walipita shule ya sanaa ya Kinshasa. Na shule hiyo, wazee wangu, ilianzishwa mwaka wa 1943 kule Gombe-Matadi na bruda mkatoliki, kwa jina la Mtakatifu Luka, kabla ya kuhamia Kinshasa mwaka wa 1949. Neno hilo lilinisaidia sana baadaye, mtaona.

Ulaya na Marekani pia kuna vijana wanaokusanyika na mavazi ya ajabu. Wanaita stimupanki, jina lililoanza mwaka wa 1987. Wanavaa kama watu wa wakati wa mashine za mvuke: kofia ndefu, miwani ya kiwandani, magurudumu ya saa kifuani. Ni mchezo mzuri, sina ubaya nao. Lakini kwetu mvuke ulifika na reli ya Matadi, iliyojengwa toka 1890 mpaka 1898, na watu wengi walikufa katika kazi ile. Basi sishangai kama Mkongomani akivaa mashine anakuwa na neno lingine la kusema.

Angalieni msanii Falonne Mambu. Yeye anajifunga waya za umeme, juu ya watu wanaokaa gizani katika inchi yenye Inga. Nyinyi wa Kolwezi na Likasi mnaijua ile laini inayotoka Inga, karibu kilometa 1,700, iliyowekwa kwa ajili ya migodi ya Katanga. Inapita juu ya vijiji vingi bila kushuka. Naye Shaka Fumu Kabaka anavaa popi, yaani wale watoto wa plastiki, vichwa na mikono iliyovunjika. Ni kwa kukumbuka vita vya siku sita vya Kisangani, toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wa wenyewe. Kwa mtu wa Goma jambo hilo halihitaji maelezo.

Siku ile Matonge mmoja wao, sikujua jina lake, alisimama karibu na mimi. Alikuwa amejaa simu zilizokufa, sharjeri na vipande vya radio. Akainua maske kidogo. Ndani nikaona kijana mwembamba, jasho linatiririka. Akaniomba maji kwa Kilingala. Nikampa chupa yangu, akaimaliza yote.

Nikaja kusimulia haya kwa vijana wa kwaya. Mmoja wao alinyamaza mpaka mwisho. Kaka yake alibaki chini ya udongo katika shimo la kolta, upande wa Rubaya kule Masisi. Kolta ndiyo inatoa ile tantali inayowekwa ndani ya simu. Juma lililofuata nikasikia kijana anazunguka kwa matengenezaji wa simu, analomba zile zisizofaa. Anataka kushona koti.

Mzee mmoja wa kanisa akanisimamisha mlangoni: «Mama, maske ni ya mizimu. Unaleta nini kwa batoto?» Sikumcheka. Baba zetu walikuwa na maske ambazo hazikuwa mchezo, naye anakumbuka. Nikamwambia habari ya bruda na shule ya 1943. Akakohoa, akasema atafikiri. Angali anafikiri.

Lakini aliyeniumiza ni mama ya yule kijana. Alifika kwangu jioni, akakataa kiti. Aliogopa mwanawe wa pili anajivika kifo cha wa kwanza.

«Mama, ule mutu wa masimu uliona kule, ndani mulikuwa nini?»

«Mulikuwa mutoto wa mutu, mama. Alikuwa na kiu.»

Akakaa. Tukanywa chai bila kusema mengi. Akiondoka akaniambia koti litashonewa kwake nyumbani, si barabarani, na maske hapana, uso wa mwanawe uonekane. Kesho yake kijana alikuja kuniazima sindano kubwa ya kushonea magunia. Mpaka leo hajairudisha. Wakati mwingine mama yake hunitumia ujumbe kwamba mkono wa kuume umekwisha, wa kushoto bado simu hazijatosha.