Unatia Sahihi Kitu Gani?

Ndugu yangu wa Kampala, ni mara ngapi umetia dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa?

Usinijibu, nakujua. Mtafiti kaja Bwaise na fomu nene, Kiingereza cha madaktari na mawakili. Kakusomea harakaharaka, kasema "taarifa zako zitakuwa siri", kakupa nauli. Ukachovya dole kwenye wino. Basi.

Siri kwa nani? Nani anaifungua? Damu yako inakaa miaka mingapi kwenye friji, na ni friji ya Hospitali ya Mulago au imeshapanda ndege? Jina lako na majibu yako ya Ukimwi yamo katika faili moja? Hukuuliza. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na asante ukasema!

Kisha tunalia. Simu inaita, mume anapokea: "Tunamkumbusha mama siku yake ya utafiti." Gari lenye nembo ya mradi linaegeshwa mlangoni mchana kweupe, mtaa mzima unanong'ona. Ndoa inavunjika. Mwenye nyumba anataka chumba chake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nanyi wakubwa wa utafiti, mnatuona watoto? Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ipo tangu 2019. Inawataka mumwambie mtu, kabla hamjachukua chochote: mnachukua nini, cha nini, nani atapewa, mtakaa nacho hadi lini. Miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia nayo inataka aelezwe kwa lugha anayoielewa. Aelezwe aelewe, si asomewe yaishe!

Mfadhili wa ng'ambo mnamfafanulia kila shilingi. Mama muuza ndizi wa Kawempe mnashindwa kumpa dakika kumi za Kiluganda au Kiswahili? Fomu ile haimlindi yeye. Inawalinda ninyi.

Lakini nawe msomaji, utalala mpaka lini? Kuuliza si ujinga. Uliza nani ataziona taarifa zako. Uliza watakupigia kwa simu ya nani. Uliza zitafutwa lini. Wakigugumiza, rudisha kalamu yao. Una haki ya kukataa. Una haki ya kujitoa hata katikati ya utafiti, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa kwa sababu hiyo.

Hujaelewa? Usitie dole.