Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza atajwe

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili kama aujua wimbo 'Malaika', naye atakuimbia ubeti wa kwanza pasi na kusita. Kisha mwulize ni nani aliyeurekodi, na ilikuwa zama zipi. Hapo utamwona akikuna kichwa, na huenda mwalimu wake aliyesimama kando akaanza kukuna chake pia.

Jambo hilo ndilo linalonishughulisha leo. Sisi ni wapenzi wakubwa wa nyimbo, filamu na picha. Hatuna harusi bila mpigapicha, wala safari ya matatu bila muziki, wala likizo bila filamu. Hata hivyo, ni wapenzi wa ajabu, kwa kuwa tunaipenda kazi na kumsahau mwenye kazi. Kwa mtazamo wangu, mapenzi ya namna hiyo ni nusu ya mapenzi, na shule ndiyo mahali panapofaa kuyakamilisha.

Hebu tuanze na wimbo huohuo. 'Malaika' ulirekodiwa na Fadhili William hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965, Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao iliyosifika sana Marekani. Mwaka 1981, kundi la Boney M nalo likaurekodi kule Ulaya. Wimbo ukaizunguka dunia, ukaimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili. Lakini swali la ni nani hasa aliyeutunga halikupata jibu moja. Wapo wanaoshikilia kuwa ni Fadhili mwenyewe, wapo wanaomtaja Mtanzania Adam Salim, na wapo wenye majina mengine. Fadhili aliaga dunia mwaka 2001, na mjadala haukuwa umekwisha. Lau pangalikuwapo na karatasi moja ya wakati ule, yenye jina, mahali na tarehe, pengine ubishi huo wote usingalizuka.

Wala si 'Malaika' peke yake. 'Helule Helule' wa Daudi Kabaka ulivuka bahari na kuimbwa na vijana wa Uingereza waliojiita The Tremeloes, ukawa miongoni mwa nyimbo zilizovuma nchini mwao mwaka 1968. Ni wangapi kati ya vijana wetu wanaojua kwamba Waingereza waliwahi kuchezea goma letu? Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hawakutueleza tutamtunzaje mtu ambaye hatumjui hata kwa jina.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote, na inaendelea kuilinda kazi yake kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa picha na filamu, hesabu ni miaka 50 tangu kazi ilipotengenezwa au ilipotolewa kwa umma. Maana yake ni kwamba hata wajukuu wa mtunzi wana haki ya kuonja jasho la babu yao. Lakini ni wajukuu wa nani, iwapo jina la babu limefutika? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nayo haki ya kwanza ya msanii ni kutajwa.

Naomba nieleweke. Sizungumzii fedha peke yake. Kujua ni nani aliyefanya nini huyabadilisha hata masikio na macho yetu.

Chukua wimbo niupendao kuliko nyingi, 'Sina Makosa' wa Les Wanyika, uliotoka mwaka 1979. Asiyejua lolote kuuhusu atasikia sauti tamu na magitaa yanayokwenda pamoja, basi. Lakini anayejua kwamba Les Wanyika walitoka katika Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga, ataanza kuisikia safari ndefu ya muziki kutoka pwani ya Tanzania hadi kumbi za Nairobi. Anayejua kwamba mwimbaji ni Issa Juma, kwamba gitaa la solo ni la John Ngereza, lile la kati ni la Omar Shabani na besi ni ya Tom Malanga, atatega sikio na kuwatenganisha mmoja mmoja. Atagundua kwamba gitaa la kati, ambalo wengi hawalitilii maanani, ndilo linaloubeba wimbo mzima mgongoni. Hayo hayasikiki mpaka mtu aambiwe kuna wa kusikilizwa.

Au tazama taarabu ya Mombasa. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi yaliyofanana na ya filamu za Kihindi. Mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye walimu wetu wanamjua vyema kwa diwani yake ya 'Malenga wa Mvita' iliyochapishwa mwaka 1971. Katika wimbo mmoja mwanafunzi anakuta jumba la sinema, ukumbi wa harusi na darasa la ushairi. Mwanafunzi anayeyahofia mashairi ya arudhi darasani huenda ameyasikia harusini tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kuwa mshairi ni yuleyule.

Nikija kwenye filamu, hali ni hiyohiyo. Vijana wetu wanaweza kukutajia waigizaji wa Marekani na India kama wanaotaja majina ya shangazi zao. Ukiwauliza juu ya Sao Gamba, aliyeongoza 'Kolormask' mwaka 1986, kimya. Ukiwauliza juu ya Anne Mungai, aliyetupa 'Saikati' mwaka 1992, kisa cha msichana anayeikimbia ndoa ya kulazimishwa, kimya tena. Ilhali tatizo analolizungumzia Bi. Mungai ndilo wanaloandikia insha kila muhula.

Mimi mwenyewe nina filamu mbili za hapa nchini ambazo sichoki kuzitazama. Ya kwanza ni 'Nairobi Half Life' ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga. Humo mna kijana aitwaye Mwas, ambaye huuza kanda za filamu za kigeni kijijini kwao kwa kuziigiza zote peke yake mbele ya wateja, kabla ya kuelekea Nairobi kutafuta jukwaa. Ya pili ni 'Supa Modo' ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018. Hiyo ni hadithi ya Jo, msichana mgonjwa asiye na siku nyingi za kuishi, anayetamani kuwa shujaa wa sinema. Basi kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Wanakijiji hao si mabingwa. Wanatengeneza filamu kwa sababu wanampenda mtoto, na wanataka abaki akionekana hata baada ya kuondoka.

Nazipenda filamu hizo mbili kwa sababu zote zinamhusu mtu wa kawaida anayekataa kuwa mtazamaji tu. Kwa hiyo inaniuma ninapoona watu wakisimama na kuanza kuvuta viti mara tu hadithi inapomalizika, wakati yale majina yanapopanda kwenye kioo. Hapo ndipo wanapotajwa aliyeshika kamera, aliyeshona mavazi, aliyeunganisha vipande na aliyepika chakula cha waigizaji.

Sasa tuingie katika uwanja ambao kila mmoja wetu ni msanii: upigaji picha. Mimi si mpigapicha wa kulipwa. Napiga kwa kujifurahisha, kama wengi wenu. Nilijifunza wakati mkanda mmoja wa filamu ulipokuwa na picha 36 tu, nazo ni lazima zipelekwe studio kusafishwa kwa gharama. Uhaba huo ulitufunza kufikiri kabla ya kubonyeza. Leo simu inakubali picha mia moja kwa dakika chache, na aghalabu hakuna hata moja inayotazamwa mara ya pili.

Katika sanduku la bati la marehemu nyanya yangu mlikuwa na picha nyingi za rangi nyeusi na nyeupe. Watu wamesimama wima, wamevaa vilivyo bora walivyokuwa navyo, nyuma yao pazia la studio. Ni nani hao? Hakuna aliyebaki wa kutuambia. Picha moja tu ndiyo iliyoandikwa nyuma kwa penseli: majina mawili, jina la mji, na mwaka. Hiyo moja imekuwa ushahidi katika ukoo wetu, na imetufikisha kwa jamaa ambao hatukujua kama wapo. Zile nyingine zimebaki kuwa sura nzuri za wageni.

Ikiwa hayo hutokea katika sanduku la nyanya, basi hutokea pia katika sanduku la taifa. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Kenya, aliipiga picha nchi hii ilipokuwa ikielekea uhuru, kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Nigeria na Biafra. Picha zake zilikaa miongo kadhaa katika gereji mjini Nairobi kabla ya kufichuliwa, na kitabu kuzihusu kikachapishwa mwaka 2018. Mwenzake, Mohamed Amin, ambaye alianza kupiga picha akiwa mvulana, ndiye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Hao walikuwa mabingwa, na hata hivyo mmoja wao nusura apotee. Je, yule mwalimu wa kijijini aliyekuwa na kamera ya pekee tarafani mwake, akapiga picha ya madarasa ya kwanza ya matope, picha zake ziko wapi?

Labda msomaji atasema kwamba nimesahau mila zetu. Ataniambia kuwa fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima, na haina mtunzi anayejulikana. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Tunamsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kwa sababu baada ya kufa kwake alikuwapo mtu aitwaye Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya mashairi yake kutoka vinywani mwa watu, akamsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyaandika. Diwani ikachapishwa mwaka 1940. Jamii iliyahifadhi mashairi, naam; lakini jina la Muyaka lilihifadhiwa na mtu mmoja aliyejali. Vivyo hivyo tunamjua Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, kwa kuwa Shaaban Robert aliona inafaa kuandika wasifu wake. Majina hayajihifadhi yenyewe.

Mwingine atasema kwamba siku hizi simu hunukuu tarehe na hata mahali picha ilipopigwa. Ni kweli. Lakini simu haijui kwamba aliyevaa koti ni mjomba wako. Isitoshe, picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huvuliwa maelezo hayo yote, na simu yenyewe ikiibwa, huenda na albamu nzima. Na upande wa muziki mambo yameharibika zaidi. Santuri ya zamani ilikuwa na karatasi ya duara katikati, na chini ya jina la wimbo palichapishwa jina la mtunzi. Wimbo wa leo hutufikia simuni umevuliwa nguo hizo zote.

Basi tufanyeje? Sipendekezi somo jipya wala kamati. Napendekeza mazoea matatu madogo. Kwanza, mwalimu akitumia wimbo au filamu darasani, na ataje mtunzi, mwaka na mahali, kama vile anavyotaja mwandishi wa riwaya teule. Anayewafundisha wanafunzi kutomnukuu mwandishi bila kumtaja asiwaruhusu kumwimba mtunzi bila kumtaja. Pili, katika tamasha zetu za muziki na za maigizo na filamu, majina ya watunzi na mafundi yasomwe kwa sauti kama linavyosomwa jina la shule.

Tatu, na hili ni la mwanafunzi: likizo ijayo, keti na mzee mmoja wa kwenu pamoja na picha zake kabla hajachoka au hajaondoka. Chukua penseli laini, si kalamu ya wino, maana wino huweza kupenya upande wa pili. Iweke picha juu ya meza safi, uigeuze, kisha uandike polepole pembeni: ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, na kama anakumbuka, ni nani aliyepiga. Mwulize pia walikuwa wakicheza wimbo gani mwaka huo. Picha kumi zitatosha kwa kuanzia, na huenda ya kwanza ikakuchukulia alasiri nzima.