Njiani kwenda shambani, kapita ni wewe

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba,

Kazini hushuki shimoni bila kofia na taa. Kapita akikuona bila viatu vya kazi, anakurudisha. Lakini siku ya mapumziko unachukua jembe, unaita bibi na watoto, na mnaondoka saa nne ya asubuhi: kilomita 10 kwa miguu, watu sita, bidoni moja ndogo ya maji. Hapo kapita ni nani?

Sisi tunasema: ni wewe.

Kwetu Katanga, mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo miezi ya joto kali. Baridi imekwisha, mvua haijashika, joto linapita digri 30. Kando ya miji miti imekatwa kwa ajili ya makala, na njia ni ndefu bila kivuli. Tena ndiyo miezi ya kutayarisha shamba. Hatuwezi kusema: bakini nyumbani. Mahindi hayajipandi yenyewe. Tunasema: badilisheni saa.

Ondokeni saa kumi na moja, mbele ya jua kutoka. Saa nne wekeni jembe chini, mkae kivulini. Rudini saa kumi, jua likipungua.

Kila mtu awe na maji yake. Mtu mzima anayetembea ao kulima juani anywe bilauri moja kila dakika 20, hata kama hasikii kiu. Maji ya mtoni yachemshwe kwanza, kwa sababu ya kolera. Bia na lutuku si maji: zinaukausha mwili. Vaeni kofia ao kitambaa kichwani.

Wewe uliyetoka kazi ya usiku, lala kwanza. Mwenye homa ao kuhara, abaki. Usijibu: «Nimezoea joto la shimoni.» Mtoto wako hakulizoea, wala mama yako mzee mwenye mzigo kichwani. Anayechoka mbele ya wengine ndiye apange mwendo wa wote.

Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu ao kutaka kutapika, ao misuli ikimkaza, simameni. Mpelekeni kivulini, anywe kidogo kidogo. Lakini akisema maneno yasiyo na maana, akiyumba kama mlevi ao akizimia, huo si uchovu tena. Joto limemshinda mwili, na anaweza kufa. Mpunguzieni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee, palepale, bila kungoja. Kwa kumwagia, hata maji ya mtoni yanafaa. Asiyejitambua msimnyweshe kitu. Mmoja akimbilie msaada ili afike hospitali, na wengine waendelee kumpoza.

Wako wanaosema: anayerudia njiani ni mvivu. Hatukubali. Kazini, anayesimamisha mashine kwa sababu ameona hatari hatumwiti mvivu, tunamshukuru. Kwa nini tumcheke baba anayerudisha watoto wake nyumbani kwa sababu maji yamekwisha? Shamba litakuwa pale kesho.

Basi, siku ya mapumziko ijayo, mbele ya kufunga mlango, hesabu kama unavyohesabu watu wako kazini: tuko wangapi, maji ni kiasi gani, ni saa ngapi. Hesabu isipokubali, vua viatu, ngoja kesho asubuhi.