Mguu Usiouma Ukaguliwe

Mwaka 2005 waganga wa Dar es Salaam walichapisha katika jarida la kitabibu habari ya kutisha: wagonjwa wa kisukari walikuwa wakitafunwa miguu na panya usingizini, bila kuzinduka. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na mguu uliokufa ganzi hauwezi kumwonya mwenyewe.

Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni panya si wachache, wala si wao peke yao. Msumari hupenya kandambili. Kiatu kipya cha mwalimu, anayesimama darasani mchana kutwa, hufanya lengelenge. Mwenye mguu mzima huchechemea na kukivua. Mwenye ganzi huendelea na kazi, na afikapo hospitali, aghalabu baada ya kujaribu dawa zote za mtaani, kidonda kimekwisha oza na mguu hauna budi kukatwa.

Kwa hiyo mwenye kisukari hana budi kukagua miguu kila jioni: nyayo, visigino na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo, au aangaliwe na mtoto. Uvimbe, joto, weusi au lengelenge, hata lisilouma, ni sababu ya kwenda kliniki kesho yake.

Lakini lawama zisitupiwe mgonjwa peke yake. Tangu mwaka 2004 waganga na wauguzi wengi nchini wamefundishwa utunzaji wa miguu hii. Kliniki inayopima sukari na kumruhusu mgonjwa aondoke bila kumvua viatu imefanya nusu ya kazi. Na mkuu wa ofisi asimhesabie utoro mtumishi aombaye ruhusa ya asubuhi moja kwa ajili ya lengelenge.