Fundi, Usifomati Kwanza

Hapa Wamagana, laptop ya Linux ikichelewa kuwaka, mafundi wana dawa moja tu: kufomati. Huo si ufundi. Mashine yenyewe husema inakochelewa, mradi uiulize.

Andika systemd-analyze. Itakupa sekunde zilizoliwa na kerneli, na zilizoliwa na huduma zinazofuata. Wengi hukimbilia systemd-analyze blame, ati ya juu kwenye orodha ndiyo mwizi. Wapi! Huduma huanza sambamba, na kifaa kinachongojwa bila kutokea hakiandikwi humo. Chukua swap iliyofutwa wakati wa kugawa diski upya, ikabaki imeandikwa kwenye /etc/fstab: mashine huingoja sekunde 90, kila asubuhi, na blame haisemi kitu. Ni journalctl -b itakayoitaja. Weka # mbele ya mstari huo, uwashe tena.

Kama hata baada ya kuingia kila kitu kinaburuta, shuku diski ya kuzunguka. Hapo panda matatu uende Nyeri mjini utafute SSD. Lakini kumfutia mwanafunzi projekti ya mwaka mzima kwa sababu ya mstari mmoja, umtoze, halafu umwambie Linux ni mbaya? Aki hapana. Mwambie fundi akuonyeshe journalctl kabla hujatoa pesa.