Kasia la Kimya Nalo Lina Mpaka

Na Zuhura Mbwana

Wapenda matembezi wengi wanaamini kwamba chombo kisicho na injini hakina madhara. Mtumbwi hautoi moshi, haumwagi mafuta, haupigi kelele. Kwa hiyo mpiga kasia hujiona mgeni mwema, mwenye haki zaidi ya kuwasogelea wanyama kuliko aliye ndani ya boti. Kwenye mto kama Rufiji, imani hiyo ni hatari kwa mtu na kwa mnyama.

Rufiji unazaliwa pale Kilombero na Luwegu inapokutana, unapokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha unateremka hadi kwenye mikoko ya delta yake, mkabala na kisiwa cha Mafia. Kipande chake kinachovutia wageni wengi kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, yenye kilomita za mraba 30,893. Hapo mto unatanuka, unagawanyika matawi na kulisha maziwa kama Tagalala, Manze na Nzerakera, huku mivumo ikiwa imesimama kandokando. Wageni wengi huyaona haya wakiwa kwenye boti za injini. Ninaunga mkono kwa dhati wanaotamani safari za makasia, maana mto una mengi yasiyosikika injini inaponguruma. Lakini zisianze kabla ya kanuni zake.

Tuanze na kiboko. Ngozi yake haivumilii jua, ndiyo maana hushinda majini mchana kutwa na kutoka jioni kwenda kula majani. Akishtuka, hukimbilia kwenye kina. Boti ya injini huisikia ingali mbali, akapata muda wa kuamua aende wapi. Mtumbwi unaweza kumfikia akiwa amezama, akaibuka na kukuta ubavu wa chombo juu ya kichwa chake. Hapo hapigani kwa ukorofi, anapigania njia ya kutokea. Kwenye mto Zambezi, ambako safari za makasia zimezoeleka kwa miaka mingi, waongozaji hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili viboko wajue kuna mtu anakuja. Hufuata maji mafupi, wala hawajiweki kati ya mnyama na kina chake. Ukimya tunaousifu, wao wanaujua kuwa kitu cha kutawaliwa.

Jambo la pili halitishi mtu, ndiyo maana linasahaulika. Kiangazi maji ya Rufiji yanapopungua, mafungu ya mchanga hujitokeza katikati ya mto. Mpiga kasia aliyechoka huliona fungu kuwa mahali pazuri pa kushusha chakula na kupiga picha. Kumbe mamba jike hufukia mayai yake kwenye mchanga kama huo, akayalinda kwa takriban miezi mitatu. Yupo pia ndege mwenye mdomo mwekundu, taya la chini refu kuliko la juu, ambaye huruka akiwa amelichovya majini ili anase samaki. Huyu hajengi kiota. Hukwaruza kishimo mchangani, akataga humo, na jua linapokuwa kali huenda kulowesha tumbo lake mtoni ili aje kuyapoza mayai. Ukikaa pale muda wa mlo mmoja, mzazi anabaki angani akizunguka na mayai yanaungua juani. Utaondoka bila kuokota wala kuvunja kitu, ukiamini hukumdhuru yeyote.

Na miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya wageni. Msimu wetu wa kutembea na msimu wa mamba na ndege hao wa kutaga inakutana mahali pamoja.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya haki. Wakazi wa Mloka na vijiji vingine vya kando ya Rufiji wanaishi na mto huu kila siku. Mamba na viboko wanawaua ndugu zao na kuharibu mashamba yao. Hata hivyo, wameambiwa kwamba ndani ya hifadhi hawatavua samaki wala kukata mti, kwa sababu pale ni makazi ya wanyama. Mzigo huo wanaubeba. Sasa tutawaambiaje kwamba aliyelipa kiingilio aruhusiwe kutia nanga kwenye fungu lenye mayai, au kulisukuma kundi la viboko ili apate picha? Kama mwanakijiji amezuiwa kwa ajili ya mnyama, mgeni naye azuiwe kwa ajili ya mnyama huyohuyo. Hifadhi inayombana mwenye njaa na kumlegezea mwenye fedha haiwezi kuheshimiwa na majirani zake.

Kwa hiyo naliomba Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) lifanye mambo matatu kabla makasia hayajawa mengi. Kwanza, kila kiangazi askari wa hifadhi wapite mtoni, wayatambue mafungu yenye mayai na kuyafunga hadi makinda yaruke. Kazi hiyo irudiwe kila mwaka, kwa sababu mchanga unahama, na sasa maji yanayoshuka yanategemea pia Bwawa la Julius Nyerere huko juu. Pili, mitumbwi iende michache, kwa kufuatana, na kamwe isiende bila mwongozaji. Tatu, waongozaji hao watoke kwanza katika vijiji vya Rufiji. Mtu aliyekua akipiga pondo kwenye maji haya anajua kusoma povu, mkondo na ukimya wa kiboko, na ujuzi huo unastahili ajira na mafunzo.

Nawe unayepanga safari, usimshinikize mwongozaji. Anayekuambia "hapa tusisogee" anaulinda uhai wako na wa kiumbe usichokiona. Mpe ahsante, mlipe vizuri, na ukirudi mjini wasimulie wenzako kwamba alikukataza na ukamtii. Sifa ya safari ya mtoni isiwe ni umbali gani tuliwakaribia wanyama. Iwe ni kwamba tulipita, na wao wakaendelea na shughuli zao.