Si Kila Duara la Ngozi ni Choa

Mtu akifika zahanati akiwa na duara jekundu mkononi, mara nyingi huondoka na dawa ya fangasi hata kabla ngozi yake haijaguswa. Desturi hii haifai. Duara ni umbo tu. Si jina la ugonjwa.

Ngozi ikivutwa hurudi mahali pake kwa sababu ya nyuzi nyumbufu zilizomo katika tabaka lake la ndani. Jua la miaka mingi huzichakaza nyuzi hizo. Kwa watu wachache, seli za kinga ziitwazo makrofaji huzigeukia: huungana, zikawa seli kubwa zenye viini vingi, kisha zikazimeza na kuzimeng'enya. Kazi hiyo husonga kutoka kati kwenda nje. Ndiyo maana ukingo wa duara huinuka, na katikati hubaki ngozi iliyopauka na kusinyaa kidogo. Mwaka 1975 mwanapatholojia O'Brien wa Australia aliuita ugonjwa huu granuloma ya jua. Hauambukizi, wala hauponywi na dawa ya fangasi.

Kwa hiyo, ndugu mhudumu, kabla ya kuandika dawa, tazama kama pana magamba. Yakiwapo, yakwanguliwe na kupimwa kwa hadubini. Gusa doa kwa pamba: doa la ukoma mara nyingi huwa na ganzi, ilhali hili halina. Angalia kama madoa yako shingoni, usoni au mikononi, mahali papigwapo na jua. Pima na sukari, kwani baadhi ya wagonjwa hawa wana kisukari. Shaka ikibaki, mpe rufaa akatwe kipande cha ngozi kinachovuka ukingo, kuanzia katikati ya duara hadi kwenye ngozi nzima. Kipande hicho kikitiwa rangi ya kuonyesha nyuzi nyumbufu, katikati huonekana zimetoweka, na ukingoni huonekana ndani ya seli zilizozimeza.

Nawe mgonjwa, usione haya kuomba uguswe na kupimwa. Dawa isiyofaa hula fedha na miezi. Na jina la ukoma, likitamkwa bila kipimo, huweza kumtenga mtu na jamaa zake. Pamba, taa na dakika tano havizidi uwezo wa zahanati yoyote.